Kiti cha Mfalme

Nilianza kuvaa kifaa cha kusikia nikiwa darasa la tatu. Kabla ya hapo nilikuwa hodari wa kuitikia. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?", nilitazama midomo ya wenzangu nikaitikia pamoja nao. Kifaa kilipofika, nyumbani walishangilia: mtoto amepona. Kumbe sauti zote zilikuja kwa pamoja, ya mwalimu, ya madawati yanayoburutwa, ya mvua juu ya bati. Jioni kichwa kiliuma, nikakivua na kukificha ndani ya kikombe.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mfalme João VI wa Ureno, aliyekuwa na usikivu hafifu. Mwaka 1819 fundi mmoja wa London, F. C. Rein, alimtengenezea kiti cha ajabu. Mikono ya kiti ilikuwa na uwazi ndani, na ncha zake zilichongwa kama simba walioachama. Mwenye shida alipiga magoti, akasema kinywani mwa simba, na sauti ikapita ndani ya kiti hadi kwenye mrija wa sikioni mwa mfalme. Aliyetaka kusikika ndiye aliyesogea.

Watoto hawakupata heshima hiyo. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, ilitoa bure kifaa kilichoitwa Medresco: kisanduku kifuani, waya hadi sikioni, na betri nzito pembeni. Mwishoni mwa 1952 transista ikaingia, vifaa vikaanza kupungua ukubwa. Changu kilikaa nyuma ya sikio, na betri yake ililingana na punje ya hindi. Kila hatua ilisifiwa kwa kuwa kifaa kilizidi kutoonekana. Umbali, hata hivyo, haukuondoka. Sauti ya mtu aliye mbali, tena katika kelele, bado humpotea mtoto hata kama kifaa ni kipya.

Mwalimu wangu aliendelea kusema akiwa ameelekea ubaoni. Aliyenisaidia ni mwenzangu wa dawati. Alinigusa mkono kwanza, akasubiri nimtazame, ndipo akasema. Kwake niliweza kusema, "Sijasikia, rudia," bila kuona aibu, naye akarudia. Siku hizo kichwa hakikuniuma sana, na nilirudi nyumbani kifaa kikiwa bado sikioni. Hakunipigia magoti. Alinigeukia tu.