Kichwa Chooni: Watoto Wetu na Miaka 90 ya Picha Zinazotembea

SEHEMU YA 1: MTOTO ALIYEKATAA CHOO

Niliahidi kuandika kuhusu choo kigumu kwa watoto. Nitaandika, ila leo tunapita njia ndefu kidogo, mpaka zamani za mabibi zetu. Kama una chai mezani, vizuri.

Alikuja mama mmoja hapa Songea na mtoto wa kiume wa miaka 4. Amenipa ruhusa kusimulia, kwa hiyo mtaa siutaji na jina silitaji. Mtoto alikuwa siku ya sita hajapata haja kubwa. Tumbo limejaa, chakula hataki, na ukimwelekeza chooni anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Bibi yake alishasema kuna mkono wa mtu. Jirani alishasema apelekwe akaombewe. Baba alishasema ni deko tu, achapwe.

Daktari alimwona, akaandika dawa ya kulainisha choo. Mimi nikatoa yale maneno yetu ya kila siku: maji mengi, papai, mboga za majani, uji usiwe mzito. Sikumuuliza mtoto chochote. Nilizungumza na mama juu ya kichwa cha mtoto, kama vile yeye hayupo.

Baada ya wiki wakarudi. Dawa anakunywa, papai anakula, choo bado anakizuia. Safari hii mama akaniinamia kwa aibu, akasema: "Dada, anasema chooni kuna kichwa."

SEHEMU YA 2: HICHO KICHWA KIMETOKA WAPI?

Wenye watoto wa shule ya msingi mmeshajua. Wengine ngoja niwaeleze.

Februari 2023 kijana mmoja anayeitwa Alexey Gerasimov aliweka YouTube katuni fupi, sekunde chache tu. Kichwa cha mwanaume kinachomoza kwenye sinki la choo na kuimba maneno yasiyo na maana. Akaiita Skibidi Toilet. Watu wakacheka, akatengeneza nyingine, na nyingine. Ikageuka hadithi ya vita: vichwa vya chooni upande mmoja, na upande wa pili watu waliovaa suti ambao badala ya kichwa wana kamera, spika au televisheni. Hawa wa kamera wakikishinda kichwa, wanavuta maji, kichwa kinazama. Shikeni hapo kwenye kuvuta maji. Tutarudi.

Sasa, katuni hii ni utani juu ya magemu. Gerasimov hakuchora zile sura. Alitumia programu ya kutengeneza filamu ya kampuni ya Valve, na sura nyingi ni za gemu la Half-Life 2 la mwaka 2004. Kwa miaka mingi kabla yake vijana walikuwa wanachukua wanasesere wa gemu hilo na kuwafanyisha vituko. Kijana aliyelicheza anacheka kwa sababu anawajua wale watu, anaona wanavyodhalilishwa.

Mtoto wako wa miaka 4 hajui lolote kati ya hayo. Half-Life hajawahi kuisikia. Kaka yake anayeshinda kwenye chumba cha gemu, mechi moja hela, mechi nyingine hela, anauelewa utani. Mdogo anaona kichwa chooni, basi. Katuni moja, simu moja, kochi moja, watazamaji wawili tofauti kabisa.

Na sisi wazazi tumekuwa watazamaji wa tatu. Mwaka 2023 huko Indonesia wazazi walisambaziana video za watoto wanaochomoza vichwa kwenye ndoo na matenga, wakaanza kusema kuna ugonjwa wa Skibidi. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya Urusi viliripoti kwamba polisi wa Moscow wanaikagua katuni hiyo baada ya malalamiko. Niseme kama nesi: hakuna ugonjwa wa jina hilo kwenye vitabu vya tiba. Kuna mtoto anayeiga, na mtoto kuiga ndiyo kazi yake. Na kuna mtoto anayeogopa, ambaye anahitaji mtu.

SEHEMU YA 3: KUKU ALIYEPITA

Mnaoniandikia "watoto wa siku hizi wameharibika, zamani haya hayakuwepo", kaeni niwaambie ya zamani.

Mwaka 1935, Vugiri, kule milima ya Usambara upande wa Korogwe, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, Notcutt na Latham, na fedha nyingi zilitoka kwa taasisi ya Carnegie ya Marekani. Katika miaka 2 walitengeneza filamu 35 hivi. Kulikuwa na ya kuweka akiba posta, na kulikuwa na ya safura, ile minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Ndiyo, mama, miaka 90 iliyopita hapa Tanganyika tayari kulikuwa na filamu inayohusu choo. Walizipakia kwenye gari, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka nchi tunazoziita leo Malawi na Zambia, wakaangalia watu wanavyozipokea.

Wakoloni walijishughulisha sana na swali hilo: Mwafrika akiona picha inayotembea, anaona nini? Wakaandika hadithi nyingi za kutucheka. Moja inasimuliwa mpaka leo. Watu walioneshwa mbu amekuzwa akajaza pazia zima, halafu wakasema, afadhali sisi, mbu wetu ni wadogo. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Mimi nikiisikia huwa nawaza kwamba aliyesema hivyo, kama alikuwepo, huenda alikuwa anatania, na mgeni hakujua kwamba hapa ndiye anayetaniwa.

Lakini ipo nyingine inayonifaa zaidi. Mwaka 1962 Marshall McLuhan, msomi wa Kanada, alichapisha kwenye kitabu chake maelezo ya John Wilson wa Chuo Kikuu cha London. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walioneshwa filamu ya afya: bwana afya anafundisha kuondoa maji yaliyotuama, kuokota makopo, kusafisha mazingira. Filamu ikaisha. Wakaulizwa, mmeona nini? Wakajibu: kuku.

Kuku gani? Walioipeleka filamu hawakumjua kuku yeyote. Wakairudia picha moja moja, na kweli, kwa sekunde moja hivi, kuku anakatiza pembeni kabisa na kutoka.

Wilson alisema watu wale walikuwa hawajazoea kuitazama picha yote kwa pamoja. Inawezekana. Lakini wewe unayefuga kuku, jiulize: kuku akikatiza uani kwako wakati mgeni anahutubia juu ya makopo, macho yako yako wapi? Kuku ana mwenyewe, ana bei, na anaweza kuingia kwenye mahindi yaliyoanikwa. Wale watu waliona kitu chenye maana kwao.

Ninachowapigia makofi wale wageni ni kimoja tu. Waliuliza. Bila kuuliza, wangeondoka wakiamini kila mtu ameona makopo.

SEHEMU YA 4: ALIYEKAA PEMBENI

Tuje karibu. Nataka utazame kitu kimoja katika historia hii yote: nani alikaa pembeni ya mtazamaji?

Bibi alipotuhadithia zimwi, usiku, moto unawaka, alikuwa hapo hapo. Ukiogopa anakuona. Zimwi likizidi kutisha analipunguza, analitia ujinga kidogo, tunacheka, tunalala. Magari ya sinema ya serikali yalipozunguka vijijini, kulikuwa na mtu na kipaza sauti akifafanua kwa lugha ya watu. Redio Tanzania walikuwa na kipindi cha Mama na Mwana. Jina lenyewe linakuambia nani anakaa na nani.

Kisha televisheni. Tanzania Bara tuliipata mwaka 1994, ila siyo kila mahali wala kila nyumba. Hapa Songea umeme wa majenereta ya dizeli ulikuwa wa kubahatisha mpaka njia kubwa ya Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Kwa hiyo wengi tulitazama kwa watu, au kwenye vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi. Na huko alikuwepo mfasiri. Mnamkumbuka Lufufu? Derek Mukandala, mwanajeshi wa zamani, aliyeingiza sauti yake juu ya filamu za nje na kuzigeuza Kiswahili. Wachina wakapigana, yeye akasimulia, akaongeza chumvi, akatania. Kenya wakawa na DJ Afro wao. Filamu ya kutisha ikipita mikononi mwa mtu kama huyo inakuwa ya kwetu.

Baadaye tukapata katuni za kwetu kabisa. Ubongo Kids ilianza mwaka 2014 kupitia TBC1, imetengenezwa Dar es Salaam, hesabu na sayansi kwa nyimbo. Mtoto aliweza kujibu maswali kwa meseji hata kwa kitochi cha mama. Ndugu yake, Akili and Me, ni ya watoto wadogo zaidi. Mtafiti Dina Borzekowski alipoipima Morogoro, alikuta watoto walioitazama wamejifunza zaidi mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Kabla ya hapo alikuwa ameshapima Kilimani Sesame kule Kisarawe na Kinondoni, na watoto walioifuatilia walijua zaidi hata kuhusu malaria. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba katuni ni shetani. Katuni inaingia kichwani kwa mtoto. Swali ni imeingiza nini.

Sasa Skibidi. Haina mazungumzo ya maana. Ni muziki, kelele na mapigano. Ndiyo maana imesambaa dunia nzima bila mfasiri: mtoto wa Moscow, wa Jakarta na wa Bombambili wote wanaitazama ile ile. Haikumhitaji Lufufu. Na simu ni ndogo, inaingia chini ya blanketi, haimhitaji bibi wala benchi. Kwa miaka yote hiyo alikuwepo mtu mzima kati ya mtoto na zimwi. Sisi ndio wa kwanza kumwacha mtoto na zimwi peke yao, tena kwa nia njema, ili tupate dakika 20 za kupika.

Sikulaumu. Na mimi napika.

SEHEMU YA 5: TULIMUULIZA

Safari ya pili nilichuchumaa mpaka macho yangu yakawa sawa na yake. Nikamuuliza, kile kichwa cha chooni kinafanya nini? Nilikuwa nimeshajiandalia jibu: anaogopa kuumwa.

Akasema: "Kinavutwa."

Kinavutwa vipi?

"Wanavuta maji. Kinaenda chini. Hakirudi."

Mama akashika mdomo. Walikuwa wamehamia nyumba ya kupanga yenye sinki la kukalia. Kule walikotoka walitumia choo cha shimo. Mtoto hakuwa anaogopa kichwa. Kichwa alikuwa anakionea huruma. Aliogopa kwamba akikaa pale, maji yakivutwa, atakuwa yeye. Wiki nzima sisi watu wazima tulikuwa tunazungumzia mapepo, deko na papai, na yeye alikuwa amemwona kuku wake.

Mama alifanya hivi, na wewe unaweza:

Alimwacha avute maji mwenyewe, bila kukaa, wamesimama wote wawili. Wakatupia kipande cha karatasi, kikaenda. Wakatupia kikombe cha plastiki cha kuchezea, kikubwa, hakikuenda. Akamwonesha tundu, akamwonesha mguu wake. "Unapita hapa?" Mtoto akacheka.

Akamrudishia poti kwa muda. Kila baada ya kula anakaa dakika 5 hadi 10, miguu imekanyaga chini au juu ya kigoda, bila kugombezwa. Dawa ya daktari aliendelea nayo, hakuiacha siku choo kilipotoka, kwa sababu mtoto aliyeumia wakati wa kujisaidia huzuia tena, na choo kikizuiwa kinazidi kuwa kigumu.

Na ile katuni waliitazama pamoja mara moja, mchana, mama na kaka pembeni. Kaka akaeleza kwamba ni midoli ya gemu, kuna mtu anaichezesha kwenye kompyuta. Kisha ikafungwa. Kwa umri wake haimfai, na nilimwambia mama hivyo. Baba hakuchapa. Bibi alisema ni maombi yamejibu, tukamwachia. Baada ya wiki 3 nilipata ujumbe mfupi: "Amekaa mwenyewe."

Ya kukumbuka kuhusu simu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asikae kutazama kioo kabisa, wa mwaka 1 vilevile, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, pungufu ni bora. Hiyo saa 1 iwe ya kitu unachokijua.

Ya kukumbuka kuhusu choo: usisubiri nyumbani kama mtoto anatapika, tumbo limevimba na linauma, kuna damu, ana homa, anapungua uzito, au ni kichanga. Njoo.

Na leo usiku, kabla taa haijazimwa, muulize mwanao: leo kwenye simu umeona nini? Kisha nyamaza, msikilize. Usimjibie. Majibu niandikieni hapa chini, nitayasoma yote nikitoka zamu.