Ndimi Mbili za Suwa

Mwaka 1959, katika mji wa Suwa ulioko kando ya ziwa, milimani katikati ya Japani, kiwanda cha Suwa Seikosha, cha Seiko, kilitoa saa ya mkono iitwayo Gyro Marvel. Aliyeivaa hakuona la ajabu. La ajabu lilikuwa chini ya mfuniko wa nyuma: vyuma viwili vyembamba mfano wa ndimi, vimelikumbatia gurudumu dogo lenye meno. Watu hubishana kuhusu saa za Uswisi na za Japani kwa kutaja majina, dhahabu na bei. Kwangu mimi ubishi huo unapaswa kuanzia kwenye ndimi hizo.

Saa inayojitia ufunguo yenyewe hupata nguvu kutoka kwa mvaaji. Mkono ukipunga, kipande kizito cha chuma kiitwacho rota huzunguka na kukaza kamani. Shida ni kwamba rota huenda huku na kurudi kule, ilhali kamani hukazwa upande mmoja tu. Mwingereza John Harwood, aliyepata hataza ya Uswisi mwaka 1924, alitumia uzito uliogonga kizuizi na kurudi. Rolex mwaka 1931 wakaiacha rota izunguke duara zima, lakini ikikaza upande mmoja. Felsa wa Grenchen walipata njia ya kukaza pande zote mbili mwaka 1942, na mwaka 1948 Eterna wakailaza rota juu ya gololi tano ndogo ili izunguke bila kukwaruza. Pale Schaffhausen, Albert Pellaton wa IWC akabuni mkono wenye vijigurudumu vya yakuti uliosukumwa na rota, nao ukivuta gurudumu kwa makucha mawili. Kazi ya kupendeza kweli, ila ya gharama.

Wajapani waliupunguza mtambo wa namna hiyo hadi ukabaki mfupa. Ndimi zao zimefungwa kwenye kijiti kilichowekwa nje kidogo ya kitovu cha gurudumu linalozungushwa na rota. Kijiti kikienda mbele, ulimi mmoja husukuma jino huku wa pili ukiteleza. Kikirudi, wa pili huvuta na wa kwanza huteleza. Rota ielekee kokote, kamani inakazwa. Waliuita Magic Lever. Vipuri ni vichache, na mafuta yanayohitajika ni kidogo.

Uswisi ilishika njia nyingine. Mtambo wa 2824 wa kiwanda cha ETA, uliomo ndani ya saa za majina mengi mno, hutumia magurudumu mawili ya kugeuza, yenye vikucha vidogo ndani vinavyoshika upande mmoja na kuachia upande mwingine. Hukaza kwa ulaini, lakini hutaka fundi mwangalifu. Mafuta yakikauka vikucha hukwama, na ukiitia saa ufunguo kwa mkono utaiona rota nayo inazunguka mbio. Hapo saa inaomba kusafishwa.

Nadhani tofauti hiyo inaonyesha kila upande ulimtengenezea nani. Seiko walipotoa Sportsmatic 5 mwaka 1963, kifundo cha pembeni walikisogeza hadi kwenye saa nne na kukizamisha, maana mwenye saa hakutarajiwa kukigusa mara kwa mara. Mtambo wao wa 7S26, wa mwaka 1996, hautiwi ufunguo kwa mkono hata kidogo: ukisimama, unautikisa, akrabu ya sekunde inaanza kutembea. Hupiga mara 21,600 kwa saa moja, wakati 2824 hupiga 28,800. Kiwanda kinauruhusu kuchelewa sekunde 20 au kuwahi sekunde 40 kwa siku. Saa ya Uswisi yenye cheti cha kronomita, kwa wastani, haitakiwi kuchelewa zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya 6.

Anayehitimisha kutokana na tarakimu hizo kwamba Japani haikuweza usahihi anakosea. Katika mashindano ya kituo cha unajimu cha Neuchâtel mwaka 1967, Seiko walishika nafasi ya pili na ya tatu kwa upande wa makampuni. Mwaka uliofuata, Geneva, walichukua nafasi ya nne hadi ya kumi. Zilizowatangulia zilikuwa saa za kwatzi, zinazoendeshwa na betri, si za kamani. Uwezo ulikuwapo. Kwa saa za watu wa kawaida walichagua uimara na bei nafuu, na mimi nauheshimu uchaguzi huo.

Kisha ikaja kwatzi. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko hao hao walitoa Astron, saa ya mkono ya kwatzi, na katika miaka kumi na mitano hivi ajira za saa Uswisi zikashuka kutoka takriban 90,000 hadi karibu 30,000. Kule Le Locle, wamiliki wa Zenith waliamuru saa za kamani ziachwe. Fundi wao Charles Vermot alizificha darini zana na michoro ya mtambo wa El Primero, na katika miaka ya themanini mtambo huo ukafufuliwa kwa zana hizo.

Siku hizi mpaka umefifia. ETA wenyewe, katika Powermatic 80, wamerudi kwenye mapigo 21,600 ili kamani idumu saa 80. Nao Cartier, walipotoa mtambo wa 1904 MC uliotengenezwa Uswisi, waliikaza kamani yake kwa ndimi mbili zinazosukuma na kuvuta, kwa kanuni ileile ya Suwa.