Amplifaya za Nyumbani: Sikio na Vipimo

Mwaka 1945 Mwingereza Harold Leak alitoa amplifaya ya valvu aliyoiita Point One, kwa kuwa ilipotosha sauti kwa asilimia 0.1 tu. Tangu hapo tarakimu zikawa chambo cha biashara. Miaka ya 1970 kampuni za Japani zilishindana kuongeza sufuri baada ya nukta, huku baadhi ya wasikilizaji wakilalamika kuwa transista, zilizochukua nafasi ya valvu, zinakwaruza masikio. Nchini Marekani, J. Gordon Holt alikuwa ameanzisha jarida la Stereophile mwaka 1962, akihukumu vyombo kwa kuvisikiliza.

Mwaka 1985 Bob Carver alijigamba mbele ya jarida hilo kwamba amplifaya yake ya bei nafuu ingesikika sawasawa na ya bei kubwa ambayo wahariri wake wangeichagua. Alizipa zote mbili muziki uleule, akapima tofauti ya sauti zao, kisha akarekebisha saketi ya amplifaya yake mpaka tofauti ikakaribia kutoweka. Wahariri wakashindwa kuzitambua. Miaka miwili baadaye jarida la Stereo Review lilifanya jaribio lake la kusikiliza, likisawazisha nguvu ya sauti kwanza, jambo ambalo wauzaji wengi hulipuuza, kwani amplifaya yenye sauti ya juu kidogo huonekana bora. Wasikilizaji hawakuweza kutofautisha kwa uhakika amplifaya za takriban dola 220 na za dola 12,000.