Siku 90 za kuokoa hisa zako na ushuru nchini Uingereza

MFANYAKAZI aliyejiwekea akiba ya kununua hisa za kampuni ya mwajiri wake nchini Uingereza ana siku 90 tu za kuzihamisha moja kwa moja hadi katika akaunti isiyotozwa ushuru. Siku hizo zikishapita, uhamisho huo huo waweza kumgharimu zaidi ya pauni elfu moja.

Kwa Mkenya aliyekwenda huko kufanya kazi, utaratibu huu ni mgeni. Hapa nyumbani, anayeuza hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi hatozwi ushuru wa faida ya mauzo, ingawa ushuru huo ulirejeshwa mwaka 2015 kwa mali nyingine kama vile ardhi. Uingereza, kwa upande wake, humtoza muuzaji wa hisa.

Akaunti yenyewe

Akaunti inayozungumziwa huitwa ISA, na ilianzishwa Aprili 6, 1999. Hisa zikishaingia humo, mwenyewe hatozwi ushuru kwa gawio wala kwa faida atakayopata akiziuza.

Tangu Aprili 2017, mtu mzima anayeishi Uingereza anaruhusiwa kuweka humo jumla ya pauni 20,000 kila mwaka wa ushuru. Mwaka huo huanza Aprili 6 na kumalizika Aprili 5. Nafasi isiyotumiwa kufikia siku hiyo hupotea, haihamishwi hadi mwaka unaofuata.

Thamani ya akaunti hii imeongezeka kwa sababu misamaha iliyokuwa nje yake imepunguzwa. Hadi Aprili 2023, mtu angeweza kupata faida ya pauni 12,300 kwa mwaka kutokana na mauzo bila kutozwa chochote. Kiwango hicho kilishushwa hadi pauni 6,000, na tangu Aprili 2024 ni pauni 3,000 pekee. Faida inayozidi hapo hutozwa asilimia 18 au 24, kutegemea mapato ya mhusika.

Mlango wa siku 90

Kwa kawaida, hisa haziruhusiwi kuingizwa katika ISA jinsi zilivyo. Sharti ziuzwe, fedha ziwekwe katika akaunti, kisha hisa zinunuliwe upya humo ndani. Hisa zilizopatikana kupitia mipango miwili ya wafanyakazi ndizo zinazoepuka mzunguko huo.

Mpango wa kwanza hujulikana kama SAYE. Mfanyakazi hukatwa kiasi fulani katika mshahara wake, kisichozidi pauni 500 kwa mwezi, kwa miaka mitatu au mitano. Muda ukitimia, ana haki ya kununua hisa kwa bei iliyowekwa mwanzoni, ambayo yaweza kuwa chini ya bei ya soko ya wakati huo kwa hadi asilimia 20. Siku 90 huanza kuhesabiwa tangu siku anayoitumia haki hiyo.

Mpango wa pili ni SIP, ambapo hisa hushikiliwa na wadhamini kwa niaba ya mfanyakazi. Hapa siku 90 huanza pale hisa zinapotoka katika mpango huo.

Mfano

Tuseme mfanyakazi aliweka pauni 250 kila mwezi kwa miaka mitatu, akafikisha pauni 9,000. Bei aliyopewa ni pauni 2 kwa hisa, hivyo anapata hisa 4,500. Sokoni kila hisa sasa ni pauni 4, na mali yake yote ina thamani ya pauni 18,000.

Akizihamisha ndani ya siku 90, hatozwi ushuru wowote. Hata hivyo, azingatie kwamba kinachohesabiwa dhidi ya kiwango cha pauni 20,000 ni thamani ya soko ya siku ya uhamisho, yaani pauni 18,000, wala si pauni 9,000 alizolipa.

Akichelewa, itambidi auze. Faida yake ni pauni 9,000. Ukiondoa msamaha wa pauni 3,000, zinabaki pauni 6,000 za kutozwa ushuru: pauni 1,080 kwa asilimia 18, au pauni 1,440 kwa asilimia 24. Akinunua tena hisa za pauni 18,000, atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 0.5, yaani pauni 90, pamoja na ada ya wakala wa hisa.

Kwa aliyechelewa

Aliyechelewa bado ana njia ya kupunguza hasara. Katika mfano huu, anaweza kuuza hisa 1,500 kabla ya Aprili 5, nyingine 1,500 baada ya Aprili 6, na zilizobaki Aprili ya mwaka unaofuata. Bei ikisalia ilivyo, kila awamu itakuwa na faida ya pauni 3,000, nayo haitozwi ushuru. Ushuru wa stempu na ada za wakala hautaepukika.

Aidha, mume na mke wanaoishi pamoja wanaweza kupeana hisa bila kutozwa ushuru wakati huo, na kila mmoja ana msamaha wake na ISA yake. Kwa njia hiyo, awamu zote tatu zaweza kukamilika katika siku chache kabla na baada ya Aprili 5.

Tahadhari

Si kila kampuni inayosimamia ISA hupokea hisa za wafanyakazi moja kwa moja. Ni vyema kuulizia na kufungua akaunti kabla ya kutumia haki ya kununua. Linganisha pia ada: asilimia 0.4 kwa mwaka ni pauni 72 kwa hisa za pauni 18,000, na huenda ada isiyobadilika ikawa nafuu.

Anayerejea kuishi nyumbani hawezi kuongeza fedha mpya katika ISA, ila zilizomo huendelea kusamehewa ushuru wa Uingereza. Msamaha huo haufungi mamlaka ya ushuru ya nchi nyingine.

Zaidi ya hayo, kuepuka ushuru si kuepuka hasara. Serikali ilipoitwaa benki ya Northern Rock Februari 2008, wenye hisa hawakulipwa fidia. Anayetegemea kampuni moja kwa mshahara na kwa akiba huweka mayai yote katika kapu moja. Akishazihamisha hisa, anaweza kuuza baadhi yake humo humo ndani ya ISA na kununua za kampuni nyingine bila kutozwa ushuru wa faida.

La muhimu ni kuandika tarehe ya kupokea hisa na kuhesabu siku kuanzia hapo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.