Minnesota: Fidia kwa maumivu yanayochelewa kutambuliwa

Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, ni makazi ya maelfu ya wahamiaji kutoka Somalia, Ethiopia na Kenya. Wengi wao wameajiriwa katika nyumba za kutunzia wazee, maghala ya bidhaa, viwanda na uwanja wa ndege.

Ni kazi za kuinua, kusukuma na kurudia tendo lile lile kwa saa nyingi. Mgongo, bega au kifundo cha mkono huanza kuuma kidogo kidogo, na mfanyakazi humeza dawa za kutuliza maumivu na kurejea kazini.

Daktari anapoupa ugonjwa huo jina, huenda miezi mingi imekwisha kupita. Hapo ndipo kampuni ya bima inapouliza: uliumia lini, na una hakika uliumia kazini?

Sheria inasemaje?

Minnesota imekuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu mwaka 1913. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kuwa mwajiri alikosea. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba madhara yametokana na kazi.

Akishindwa kabisa kufanya kazi kwa muda, hulipwa theluthi mbili ya mshahara wake wa wiki, kwa viwango vilivyowekwa na sheria, pamoja na gharama za matibabu.

Si lazima pawepo ajali. Mwaka 1960, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kesi ya Gillette dhidi ya Harold, iliyomhusu mwanamke muuzaji wa duka ambaye maradhi ya mguu wake yalizidishwa na kusimama na kutembea kazini. Mahakama ilikubali kuwa madhara madogo madogo yanayolimbikizana yanastahili fidia. Hadi leo madhara ya aina hiyo huitwa kwa jina la Gillette.

Muda unavyohesabiwa

Mfanyakazi anashauriwa kumwarifu mwajiri katika siku 14 za mwanzo. Akichelewa kupita siku 30, huenda akatakiwa kueleza sababu, na kutojua sheria ni miongoni mwa sababu zinazoweza kukubaliwa. Zikipita siku 180, bila mwajiri kuarifiwa wala kujua, kwa kawaida haki hupotea.

Kwa maumivu yaliyokuja polepole, siku hizo huanza kuhesabiwa pale mtu mwenye busara ya kawaida angetambua kwamba hali yake ni nzito na huenda imetokana na kazi. Ndiyo maana maneno yanayoandikwa na daktari siku ya kwanza yana uzito mkubwa. Cheti kinachosema "maumivu ya mgongo" tu, bila kutaja kazi, kinaweza kutumiwa baadaye kupinga dai.

Kizuizi cha lugha

Umuhimu wa kumsikiliza mgonjwa ulidhihirika mwaka 2007 katika mji wa Austin, kiasi cha kilomita 160 kusini mwa Minneapolis. Wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe walipatwa na ganzi na udhaifu wa miguu. Mkalimani aliyekuwa akiwatafsiria wagonjwa waliozungumza Kihispania alitambua kuwa maelezo yao yalifanana.

Wachunguzi waligundua kuwa ubongo wa nguruwe ulikuwa ukitolewa kwa hewa yenye shinikizo, na wafanyakazi walivuta chembechembe zake. Kazi hiyo ilisitishwa Novemba mwaka huo.

Hofu ya kusema

Wapo wanaonyamaza kwa kuhofia kufukuzwa kazi, au kwa sababu hawana kibali cha kufanya kazi. Sheria ya Minnesota humruhusu mfanyakazi kumshtaki mwajiri aliyemfukuza kwa kudai fidia. Na mwaka 2003, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kuwa kukosa kibali pekee hakumwondolei mfanyakazi aliyeumia haki ya malipo ya muda.

Afrika Mashariki nako, Kenya ilipitisha sheria ya mafao ya majeraha ya kazini mwaka 2007, na Tanzania sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008.

Mfanyakazi wa Minnesota anayeanza kuhisi maumivu hana haja ya kusubiri jina la ugonjwa. Amwarifu msimamizi kwa maandishi, abaki na nakala, na amweleze daktari, kupitia mkalimani ikibidi, ni kazi gani anayoifanya na tangu lini.