Undugu wa herufi za Kigiriki

Vyama vya wanafunzi wa Marekani vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki vina majina mawili kwa Kiingereza, la wavulana na la wasichana. Kiswahili chatosheka na “undugu”, maana ndugu ni wa kiume na wa kike.

Filamu zimetuzoesha kuviona kama vijiwe vya ulevi. Ubaya upo kweli: wanafunzi wapya wamekufa kwa kulazimishwa kunywa pombe, hata mwaka 2024 ikatiwa saini sheria inayovitaka vyuo viweke wazi visa vya namna hiyo. Lakini Alpha Phi Alpha ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906 na wanafunzi saba Weusi ili washikane mkono katikati ya ubaguzi. Martin Luther King alikuwa mwanachama. Nao wasichana wa Delta Sigma Theta, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1913, waliandamana Washington mwezi Machi mwaka huohuo kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Basi chama kipimwe hapo: kinachowafaa wanachama wake kinastahili neno hili, kinachowatesa hakistahili.