Hamira ya maabara na mahitaji yake ya lishe

HAMIRA inayoumua unga wa mkate, ijulikanayo kisayansi kama Saccharomyces cerevisiae, ni kuvu wa seli moja. Katika hali yake ya asili haina makuu. Ikipata sukari, chumvi ya amonia, madini na vitamini chache, hujiundia karibu kila kitu kingine inachohitaji, zikiwemo asidi zote 20 za amino zinazojenga protini.

Hamira nyingi za maabara, hata hivyo, zimepokonywa sehemu ya uwezo huo kwa makusudi. Nasaba mashuhuri ya S288C ilitokana kwa kiasi kikubwa na hamira iliyopatikana kwenye tini lililooza huko Merced, California, mwaka 1938. Kutokana nayo ilizaliwa nasaba ya BY4741, iliyotangazwa mwaka 1998. Hii imeondolewa jeni nne, na kwa sababu hiyo ni sharti ilishwe urasili, leusini, histidini na methionini.

Upungufu huo ndio nyenzo ya mtafiti. Anapoingiza jeni mpya katika hamira, huiambatanisha na nakala nzima ya jeni iliyoondolewa, mathalani ile ya kuunda urasili. Kisha huipanda hamira hiyo kwenye lishe isiyo na urasili. Seli zilizopokea jeni huzaana, zisizopokea hudumaa. Uhandisi wa jeni katika hamira ndio uliowezesha kutengenezwa kwa chanjo ya homa ya ini aina ya B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986.

Lishe yenyewe ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni lishe nono, ambayo kila lita ina gramu 10 za dondoo ya hamira, gramu 20 za peptoni na gramu 20 za glukosi. Humo, katika nyuzijoto 30 za Selsiasi, idadi ya seli huongezeka maradufu kila baada ya dakika 90 hivi.

Ya pili ni lishe ya kupima, ambayo kila kiungo chake hujulikana. Huwa na glukosi, salfeti ya amonia gramu 5 kwa lita, madini, na vitamini ikiwemo biotini. Juu ya hayo huongezwa yale ambayo nasaba husika haiwezi kujiundia. Aghalabu urasili huwa miligramu 20 kwa lita, ilhali leusini huhitajika kwa wingi zaidi, kati ya miligramu 60 na 100.

Hapo ndipo penye hatari. Leusini ikipungua, hamira huacha kukua hata kama sukari ingalipo, na mtafiti huenda akailaumu jeni au dawa anayoichunguza. Isitoshe, hamira inayokosa fosfeti husimamisha ukuaji na kutunza akiba yake, lakini iliyonyimwa leusini au urasili huendelea kuteketeza sukari na hufa mapema zaidi. Kwa hivyo, tofauti kati ya nasaba mbili yaweza kuwa tofauti ya chakula tu.

Ndiyo maana watafiti waangalifu hunakili kila kipimo cha lishe, hulinganisha nasaba zenye upungufu ule ule, au hurudisha jeni zilizoondolewa kabla ya kufikia uamuzi.